Mifenesi ya Mwisho wa Reli

Gogo la mgomba si kizuizi cha mtu mzima. Ni maji matupu yaliyofungwa ndani ya maganda. Mtoto wa shule anaweza kulisukuma kwa mguu likabingirika hadi mtaroni. Lakini gogo alilolikuta Amosi asubuhi ile ya Jumatatu, limelazwa kukingama njia pale inapoingia Mwisho wa Reli, lilimshusha kwenye baiskeli mara moja. Lilikuwa bichi, bado likichuruzika utomvu pale lilipopitiwa na panga. Mtu alikuwa amelilaza kwa uangalifu, ncha moja ukingo huu wa tuta, ncha nyingine ukingo ule, akaenda zake bila kuacha neno. Hakuhitaji kuacha neno. Amosi alikuwa ameishi kwa Waluguru hadi kuota mvi, na alijua gogo la namna hiyo husema nini: mwenye ardhi ana jambo.

Nyuma yake, binti yake Jesca alifunga breki.

"Kuna nini, baba?"

"Mjomba wako."

Jesca alilitazama gogo, kisha akatazama mbele, kushoto na kulia kwa njia, ambako miche ya mifenesi ilisimama safu mbili, kila mmoja umezungushiwa kijiboma cha mianzi kuukinga na mbuzi. Hakuuliza jambo lenyewe ni jambo gani. Amosi aliliona hilo, akalipuuza.

"Tugeuze," alisema Jesca.

"Jumamosi wageni wanakuja kutoka Dar."

"Najua wanakuja, baba. Ndiyo maana nasema tugeuze, ukaonane naye mapema."

Tuta hilo lilikuwa la reli ya toroli. Enzi za mkonge, wenye shamba walijenga kijireli chembamba kutoka kiwandani, kule tambarare upande wa Mikese, hadi kwenye miguu ya milima ya Uluguru walikopata kuni na mbao. Kisha mkonge ukafa, kama mambo mengi yanavyokufa, bila matanga. Reli zikakatwa vipande zikauzwa chuma chakavu, na mataruma yakageuzwa nguzo. Hadi leo pale Kambi ya Tatu, iliyokuwa kambi ya wafanyakazi wa mkonge, kuna mbuzi wanaolala ndani ya banda imara kuliko nyumba ya mwenye mbuzi. Kilichobaki ni tuta, kwa kuwa hakuna aliyepata mnunuzi wa udongo.

Sasa, toroli lililobeba magogo haliwezi mlima mkali. Kwa hiyo waliolijenga tuta walilipeleka kwa ujanja, likazunguka vilima badala ya kuvipanda, likavuka vijito juu ya kalvati za mawe, likapasua mwamba pale ambapo hapakuwa na pa kuzungukia. Mtu akikanyaga pedali kutoka Kambi ya Tatu hujikuta yuko juu, upepo wa mlimani unampiga usoni na bonde lote liko chini yake, wala hawezi kukuambia alianza kupanda wapi. Jesca ndiye aliyeliona hilo. Alikuwa amesomea utalii mjini Morogoro, akarudi nyumbani na cheti, akakaa nacho. Siku moja alikodi baiskeli kwa majirani wawili, akawapandisha Wazungu wawili waliopotea njia ya Matombo, na waliporudi chini hawakutaka kuondoka. Tangu hapo mambo yakawa mambo. Wanawake wa Mwisho wa Reli hupika wali wa nazi na kisamvu, huuza ndizi, mdalasini na pilipili manga, na wenye chumba cha ziada wamekitandikia shuka. Amosi mwenyewe, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa baiskeli, alijikuta uzeeni amekuwa kiongozi wa msafara, na kofia ngumu juu.

Kasoro ilikuwa moja. Kabla ya kufika mtoni, ambako safari huishia, njia hupita kwenye kipande cheupe cha kokoto kisicho na hata kichaka. Jua la hapo halina adabu. Magreth, mke wake, alikuwa akipita hapo na tenga la ndizi kichwani na kusema, "Hapa Mungu alisahau kivuli." Alilisema hilo kila alipopita, hadi likawa kama salamu yake na mahali hapo. Kisha Magreth akaugua, akafa, akazikwa ng'ambo ya kokoto hizo, kwenye makaburi ya kwao karibu na mto. Masika yaliyofuata Amosi alikusanya mbegu za fenesi, akaziotesha kwenye chupa za plastiki zilizokatwa, na masika ya mwaka huu akaipanda ile miche kando ya njia, huku na huku. Alimtimizia mkewe kivuli chake. Hakumwomba mtu ruhusa, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba kuna la kuombwa.

Na hapa ndipo kosa lilipo. Baba yake Amosi alikuwa Mbena, aliletwa kwenye mkonge kwa mkataba akiwa kijana. Katika machache aliyomwachia mwanawe kulikuwa na neno hili: mtu asiye na mti ni mpita njia. Kwao Ubena mwanamume hupanda miti alipo, na kwa miti hiyo watu hujua kwamba ametulia, ana akili, anawaza kesho. Amosi alipoipanda mifenesi alikuwa anawaambia Waluguru kwa lugha ya baba yake: mimi ni wenu. Waluguru wakasikia kwa lugha yao: hapa ni pangu. Kwao ardhi ni ya lukolo, ukoo wa mama. Mume anayekuja hulima, hula, hushiba, hata huzeeka. Mahindi na maharage apande atakavyo. Lakini mti utakaobaki umesimama yeye akiwa amekwenda, huo haupandwi na mkono wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema apande nini.

Kondo, kaka yake Magreth, alikuwa barazani kwake akianika pilipili manga kwenye mkeka. Kwa kawaida mtu huyu hakuwa na neno lisilo na utani. Kila Amosi alipopita na baiskeli, Kondo angepaza sauti kutoka migombani, "Shemeji! Umeibeba au imekubeba?" na Amosi angejibu ovyo, wakacheka. Leo alisogeza kigoda.

"Karibu, Bwana Amosi."

Amosi alilisikia hilo Bwana likimgusa mahali. Tangu masika yalipoanza alikuwa hajaitwa shemeji. Ndiyo kwanza alikuwa anaitambua tofauti. Aliketi.

"Nimekuja kwa ajili ya gogo."

"Na gogo limekuja kwa ajili ya mifenesi."

"Kondo, ni kivuli tu. Watu wapite pasipo kuungua. Nimekipanda kwa ajili ya dada yako."

"Dada yangu nimemlilia na sijamaliza. Usimlete hapa kuwa wakili wako." Kondo aliendelea kuzitawanya pilipili kwa kiganja. "Lile bonde la chini kule, lenye minazi, unalijua?"

"Nalijua."

"Lilikuwa la bibi yetu. Mzee mmoja alioa kwetu, mume wa mtu kama wewe, mtu mwema kabisa. Akapanda minazi. Hakuomba, na wazee wetu wakaona haya kumwambia, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. Akafa. Wakaja wajukuu zake wa mke mwingine, na wakili kutoka mjini. Kwenye baraza la ardhi wakaulizwa, ushahidi wenu nini? Wakanyoosha kidole: ile pale minazi ya babu. Sisi tulikuwa na nini cha kunyooshea kidole? Makaburi. Leo tunanunua nazi bondeni kwetu wenyewe."

"Mimi sina wajukuu wa mke mwingine. Nia yangu unaijua."

"Hakuna aliyesema nia. Nia haionekani shambani. Kinachoonekana ni mti."

Amosi aliokota pilipili moja iliyovuka mkeka, akairudisha. "Kwa hiyo niing'oe."

"Ukoo umekaa. Ardhi ikiwa tupu, gogo litaondoka. Jumamosi ikiikuta mifenesi, gogo litabaki, na hao wageni wataishia Kambi ya Tatu wakapige picha na mbuzi."

"Ungeniambia siku ile ile nilipochimba shimo la kwanza!"

"Na wewe ungeniuliza siku ile ile. Hata wenye mkonge, waliokuwa na polisi na bunduki, walikuja kwa bibi yetu na vitambaa vya zawadi mkononi kuomba njia ya toroli. Wewe ulishindwa nini kuvuka banda la kuku lililo kati yetu ukaja hapa?"

Ndipo Amosi aliposimama, damu imempanda kichwani. "Miaka yote hii, Kondo! Nimemuuguza dada yako kwa mikono hii. Mimi ndiye niliyemzika!"

"Ulimzika," alisema Kondo, bila kupandisha sauti. "Kwetu."

Alipofika nyumbani Jesca alikuwa ameinama juu ya beseni la maji, akitafuta pancha. Alikuwa ameutosa mpira wa baiskeli majini, anauzungusha polepole, anangoja mapovu. Amosi alimweleza yote, na alipokuwa akieleza alijisikia akiyapamba, Kondo akizidi ukali na yeye mwenyewe akizidi upole. Alimaliza akangoja. Mtoto wa mtu humwonea baba yake uchungu; hilo ndilo alilolingojea.

"Baba," alisema Jesca, "mbona hukuniuliza mimi?"

"Nikuulize nini? Mti?"

"Ndiyo. Mti. Ningekuambia."

"Tangu lini baba akamwomba mtoto ruhusa ya kupanda mti?"

Jesca alifuta mikono kwenye khanga. Alijibu kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Wewe ni baba yangu na hakuna atakayekuondoa hapo. Lakini hapa, baba, mimi ndiye mtu wa hapa. Mama alikuwa mtu wa hapa."

"Kumbe mimi ni mgeni wako."

Jesca aliurudisha mpira ndani ya beseni, na mapovu yakapanda pale penye tundu.

Siku zilizofuata hawakusemezana ila ya lazima: chumvi iko wapi, mnyororo umepakwa mafuta. Amosi aliwaza kuhama. Alikuwa na mdogo wake, Abel, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miwa Turiani; kule watu wametoka kila mkoa na hakuna anayemwuliza mwenzake mama yake ni nani. Akaushusha mkoba wa zamani kutoka darini, akaupiga vumbi, akauweka kitandani ukiwa wazi. Jesca aliuona alipopita na ufagio, akaendelea kufagia.

Jambo jingine lilikuwa likimwelemea, nalo halikuwa lake peke yake. Kijijini maandalizi yalikuwa yamepamba moto. Wanawake walikwisha agiza mchele, kuku walikwisha fungwa miguu, na Maimuna wa mkate wa mchele alikuwa amemwazima Jesca sufuria yake kubwa kwa masharti kama ya mahari. Kundi la Jumamosi lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na likiondoka na sifa mbaya halitarudi wala halitaleta jingine. Yote hayo yalining'inia kwenye mifenesi isiyofika hata kiunoni. Alhamisi jioni Jesca alisema, akiwa amempa mgongo, "Kesho mchana nitawapigia Dar niwaambie wasije. Ni vizuri wakajua mapema." Amosi alisema, "Sawa." Baadaye alikaa nje ameshika tama hadi ng'ombe wa jirani wakarudishwa zizini.

Ijumaa asubuhi alichukua jembe na sululu, akafunga kapu kwenye keria, akakanyaga pedali kwenda Mwisho wa Reli. Alipolifikia gogo alishuka, akaibeba baiskeli juu ya mikono, akalivuka. Kulisukuma hakuthubutu.

Mfenesi hauna hasira ya juu. Hasira yake iko chini. Mche usiofika kiunoni huwa umekwisha kutuma mzizi mmoja chini moja kwa moja, na ukiukata mzizi huo umeuua mti. Angeweza kuing'oa kwa kuvuta tu, amalize kazi asubuhi ile ile. Hakuweza. Alizungushia kila mche mtaro, akachimba kwenda chini, akaunyanyua na donge lake la udongo, akaufunga na jani la mgomba kama mtu anayemfunga mtoto nepi. Akakata shauri: itakwenda naye Turiani. Ardhi ya Turiani ni nyeusi na maji ni mengi. Itaota huko.

Jua lilimkuta kwenye kokoto. Alipokuwa amepiga magoti kwenye shimo la tano au la sita, mkono ndani ya udongo hadi kwenye kiwiko, alimkumbuka Magreth kwa namna ambayo hakuwa amemkumbuka tangu amzike. Hakumkumbuka mgonjwa. Alimkumbuka akiwa kijana, khanga kiunoni, siku walipopanda migomba nyuma ya nyumba. "Wewe chimba," alikuwa akimwambia. "Mche nitaushika mimi." Ndivyo ilivyokuwa kwa migomba, na kwa mdalasini, na kwa mchungwa wa mlangoni. Kila mara yeye alichimba, na kila mara Magreth alimsogeza kwa bega, akauingiza mche shimoni kwa mkono wake, akausindika udongo. Amosi alidhani ni mapenzi ya kazi. Wakati mwingine alimtania, "Huniamini na shimo nililochimba mwenyewe?" naye akacheka tu.

Miaka yote hiyo Magreth alikuwa akimkinga na kosa hilo kwa mkono wake wa mtu wa ukoo, kimya kimya, ili mumewe asijione mgeni. Amosi alikaa kitako kwenye kokoto, miguu ndani ya shimo, jembe pembeni. Alijiona mjinga, na zaidi ya ujinga alijiona amependwa, na hakujua aanze na lipi.

Alimaliza mchana. Mitatu ilikuwa imekatika mzizi pamoja na uangalifu wote, aliilaza kando. Mingine ilikuwa kapuni na juu ya keria, imefungwa kwa kamba za mpira, majani yameanza kulegea. Njia ilikuwa tupu, mashimo yamekaa wazi huku na huku. Alipoinua macho akawaona watu watatu wanakuja kutoka upande wa mto. Kondo alikuwa mbele. Nyuma yake alikuwa Semeni, dada mkubwa wa Magreth, mwanamke mrefu aliyetembea bila haraka kwa kuwa ardhi yote ile huhesabiwa kwa jina la mama yake. Wa mwisho alikuwa Jesca, pekupeku.

"Shikamoo, dada," alisema Amosi.

"Marahaba, Baba Jesca. Umefanya kazi." Semeni aliizunguka baiskeli. Aliinama akafunua jani la mgomba, akatazama donge la udongo chini yake, akalifunika tena. "Mtu akitupa mti haufungi hivi. Unaipeleka wapi?"

"Turiani. Kwa mdogo wangu."

"Turiani ndiko kwenu?"

Amosi alifungua kinywa kujibu. Turiani alikuwa amefika mara mbili. Ubena alipelekwa mara moja akiwa mtoto, na alichokikumbuka ni baridi. Baba yake alizikwa kwenye makaburi ya kambi, ambako mkonge wa mwituni umeota hadi hakuna ajuaye kaburi gani ni la nani.

"Sina kwetu, dada," alisema, na machozi yakamtoka mbele yao, mtu mzima, mikono imejaa udongo asiweze hata kujifuta.

Kondo aligeuka akaitazama milima. Semeni hakugeuka. Alimwacha alie mpaka alipomaliza, jinsi mtu anavyomngoja mwenzake amalize kunywa maji. Kisha akasema, "Jesca."

Jesca alikaza khanga kiunoni. Akafungua kamba, akatwaa mche wa kwanza kutoka kwenye keria, akaenda nao kwenye shimo, akapiga magoti, akauteremsha. Amosi aliitazama mikono yake ikisindika udongo. Ilikuwa mikono ya Magreth.

"Ulijua?" aliuliza.

"Tangu Jumanne, baba. Nilikwenda kwa mama mkubwa nikaomba niipande mimi. Walikubali. Ila walisema kwanza ardhi iwe tupu."

"Na ukaniacha siku zote hizi. Mkoba wangu uliuona."

"Niliuona." Mikono yake haikusimama. "Mjomba alisema nikikuambia utang'oa kwa mapatano. Sijalala vizuri, baba. Nisamehe."

Hasira ilimjia Amosi upya, hasira halali kabisa. Alimtazama Kondo, ambaye bado alikuwa akiwasoma ndege wa Uluguru, na kwa kitambo kidogo alitamani kumtwanga. Walimfanya mtoto wake amfiche. Na bado, huku akiwa na hasira hiyo hiyo, alijua kwamba lau angeambiwa Jumanne, angeinyanyua miche hiyo kama mtu anayelipa faini, na Jumapili angekuwa amesahau alichokosea. Alichukua mche wa pili akaupeleka kwenye shimo lililofuata.

"Mkono wako, Baba Jesca," alisema Semeni kwa upole.

Akasimama. Jesca akaja, akaupokea.

"Basi mimi nifanye nini?"

Hapo Kondo alizungumza kwa mara ya kwanza. "Maji yako mtoni."

Amosi alifunga madumu mawili kwenye keria, akateremka. Alasiri yote alipanda na kushuka tuta lile, na kila alipofika juu Jesca alikuwa ametangulia na mche mwingine, naye akafuata nyuma akimwagilia. Hakuna aliyemzuia kumwagilia. Safari moja alikuta Semeni amekwenda nyumbani; safari nyingine, Kondo naye. Gogo la mgomba lilikuwa mtaroni, juu chini, siafu wameanza kulitembelea.

Jumamosi wageni walikuja, wengi kweli, na mavazi yao ya kubana na baiskeli zinazolia kama panzi. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke wa Dar aitwaye Shakila, mchangamfu, aliyetaka kujua jina la kila kilima. Walipofika kwenye kokoto jua lilikuwa limesimama wima. Mifenesi nayo ilisimama, kama kusimama huko ni kusimama. Majani yalining'inia, na mmoja wa mwisho upande wa kushoto ulikuwa umejikunja kabisa. Kati ya miche kulikuwa na mashimo matatu yaliyofukiwa.

"Mzee, hii miti nani ameipanda?" Shakila aliuliza, akipunguza mwendo akawa sambamba naye. "Ikikua hapa patakuwa peponi."

Neno lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi wa Amosi. Alilimeza. Akaonyesha kwa kidevu mbele, ambako Jesca alikuwa akiongoza msafara, kofia ngumu kichwani, udongo wa jana bado kwenye visigino.

"Mwenyewe yule."

"Ala! Binti yako?"

"Binti yangu."

Aliwaacha wote wampite. Vumbi lilipotulia alishuka, akaegemeza baiskeli kwenye paja, akafungua chupa yake ya maji ya kunywa. Aliumwagia ule mche wa mwisho uliojikunja, polepole, kidogo kidogo, akingoja udongo unywe kabla ya kuongeza.

"Utauozesha huo!" ilikuja sauti kutoka migombani, ng'ambo ya kokoto. "Wabena mnajua nini kuhusu fenesi, shemeji?"

Amosi hakugeuka. Chupa ilikuwa bado na maji. Aliinamisha tena mkono, akamimina, huku mbele yake kengele za baiskeli zikishuka kuelekea mtoni na mahali alipolala Magreth.